Kununua Uanachama wa Klabu ya Gofu Katika Soko Linalobadilika

Anayetafuta uanachama wa klabu ya gofu leo anaingia katika soko ambalo, ndani ya muda usiozidi miaka ishirini, limegeuka mara mbili. Baada ya msukosuko wa fedha wa 2008, klabu nyingi za Marekani na Uingereza zilikimbiwa na wanachama, zikapunguza ada ya kujiunga au kuifuta kabisa, na nyingine zikafikia hatua ya kumbembeleza yeyote aliyekuwa na seti ya fimbo. Mwaka 2020 likaja janga la UVIKO-19, na mchezo unaochezwa nje, wachezaji wakiwa mbalimbali, ukapata wateja ambao haukuwatarajia. Orodha za kusubiri zikarudi na ada zikapanda. Nchini Marekani raundi, yaani michezo kamili ya kuzunguka uwanja, zilizochezwa mwaka 2024 zilifika takribani milioni 545, idadi isiyowahi kuonekana kabla ya hapo, na hayo yametokea baada ya zaidi ya miaka kumi na mitano, kuanzia 2006, ambapo viwanja vilivyofungwa vilikuwa vingi kuliko vilivyofunguliwa.

Kwa sababu hiyo mnunuzi hupewa ushauri wa aina mbili unaopingana. Rafiki aliyejiunga miaka ya neema kwa wanunuzi atamwambia asilipe ada ya kujiunga, asubiri tu, klabu itaifuta. Ofisa wa mauzo wa klabu atamwambia alipe wiki hii kwa sababu mwezi ujao bei itapanda. Kila mmoja anazungumzia soko analolijua yeye, na hakuna kati yao atakayekuwa pembeni yako siku utakapotaka kuondoka. Ndiyo maana ninashauri mkataba wa uanachama usomwe kuanzia kwenye masharti ya kutoka: namna ya kujiuzulu, muda wa taarifa, kinachorudishwa, kisichorudishwa, na nani anaweza kuyabadilisha masharti hayo bila ridhaa yako. Ukishaelewa mlango wa kutokea, bei ya kuingia inakuwa rahisi kuipima.

Unanunua haki gani hasa

Neno uanachama linabeba bidhaa kadhaa zisizofanana, na klabu mbili zilizo jirani zinaweza kuuza vitu tofauti kabisa kwa jina hilohilo.

Ya kwanza ni uanachama wenye hisa. Hapa wanachama ndio wenye klabu. Wanapiga kura, wanachagua kamati, na klabu ikiuza ardhi au kuvunjwa wana sehemu yao katika kinachobaki baada ya madeni kulipwa. Watu wengi huishia kusoma hapo. Lakini mwenye klabu ndiye pia anayelipa paa linapovuja, na katika klabu za aina hii kamati huweza kuitisha mchango maalumu ambao kila mwanachama hulazimika kuutoa, awe amecheza mwaka huo au hakucheza.

Ya pili ni uanachama wa amana, ambapo unaikabidhi klabu kiasi kikubwa cha fedha kwa ahadi kwamba kitarudishwa baada ya miaka fulani au utakapojiuzulu. Ya tatu ni ada ya kujiunga isiyorudi, ambayo ukishailipa imekwenda. Ya nne haina ada ya kujiunga kabisa: unalipa mwaka kwa mwaka, au unanunua pointi zinazopungua kila unapocheza, na ukichoka huendelei. Zipo pia ngazi za ndani kama vile uanachama wa familia, wa siku za kazi pekee, wa kampuni, wa vijana, na wa wale wanaotumia bwawa na mgahawa bila kugusa uwanja. Ngazi ya vijana ina faida kubwa kwa aliye chini ya miaka 35 au 40, kutegemea klabu, ila uliza mapema ada itapanda kwa hatua gani utakapovuka umri huo na kama utatakiwa kulipa tofauti ya ada ya kujiunga siku hiyo.

Kati ya zote, amana ndiyo inayowaponza watu, kwa kuwa inafanana na akiba. Mfano mkubwa zaidi ni Japani. Katika miaka ya 1980 uanachama wa klabu za gofu huko uliuzwa na kununuliwa kupitia madalali kama hati za thamani, gazeti la uchumi la Nikkei likawa na fahirisi ya bei zake, na kilele kilipofika mwaka 1990 uanachama wa Koganei Country Club, karibu na Tokyo, ulikuwa umevuka yeni milioni 400. Klabu zilijenga viwanja kwa amana za wanachama, kwa ahadi ya kuzirudisha baada ya muda ambao mara nyingi ulikuwa miaka kumi au zaidi. Muda ulipotimia bei zilikuwa zimeanguka kwa zaidi ya asilimia 90 kutoka kileleni, wanachama wakadai fedha zao kwa pamoja, na fedha hazikuwapo kwa sababu zilikuwa zimegeuka nyasi, mabwawa na majengo ya kifahari. Mamia ya kampuni zilizoendesha viwanja zilifilisika, na wawekezaji kama Goldman Sachs na Lone Star wakanunua viwanja hivyo kwa bei ya chini. Waliokuwa na karatasi za amana walikuwa wadai wasio na dhamana, wakapata sehemu ndogo tu ya walichotoa, au wakabaki na haki ya kucheza.

Somo la pili linahusu kifungu kifupi ambacho utakikuta katika mikataba mingi ya amana: kwamba fedha itarudishwa baada ya nafasi yako kuchukuliwa na mwanachama mpya. Kinasomeka kama jambo la kawaida. Sasa uliza kanuni ya foleni. Klabu kadhaa huweka utaratibu wa kumlipa mtu mmoja anayeondoka kwa kila wanachama wapya wanne wanaoingia. Tuseme wewe ni wa 30 katika orodha ya wanaosubiri kutoka. Wanahitajika wanachama wapya 120 kabla hujalipwa. Ikiwa klabu inapata wapya 20 kwa mwaka, utasubiri miaka sita, na ikiwa mkataba unasema anayesubiri kutoka anaendelea kulipa ada ya mwaka hadi apate mrithi, utakuwa umelipa miaka sita ya uwanja usioukanyaga. Soko likishuka, wanaotaka kutoka huongezeka na wanaoingia hupungua kwa wakati uleule, kwa hiyo foleni hurefuka wakati hasa unapoihitaji iwe fupi.

Mgogoro wa Jupiter, katika jimbo la Florida, ulizuka kutokana na kifungu cha namna hiyo. Kampuni ya Donald Trump iliinunua klabu ya gofu ya Ritz-Carlton mwaka 2012, ikarithi na orodha ya wanachama waliokuwa wakisubiri kutoka na kurudishiwa amana zao. Mmiliki mpya aliwafungia baadhi yao milango bila kuwarudishia fedha, huku ada zikiendelea kudaiwa. Mwaka 2017 mahakama ya shirikisho iliamua kwamba huo ulikuwa uvunjaji wa mkataba na kuamuru walipwe zaidi ya dola milioni 5.7. Walishinda, lakini baada ya miaka ya mawakili na vikao.

Kanuni ninayoifuata katika jambo hili ni kali kidogo: amana yoyote ichukulie kuwa imeshatumika siku unapoilipa, kisha uamue kama bado unautaka uanachama huo. Ikirudi, vizuri. Na hata ikirudi kamili baada ya miaka ishirini au thelathini, kama mikataba mingine inavyosema, hairudi na riba, na mfumuko wa bei utakuwa umekwisha kuitafuna.

Gharama kamili, kabla ya mapenzi

Bei inayotajwa kwenye kipeperushi ni sehemu ya gharama tu. Ongeza ada ya mwaka, kiwango cha chini cha matumizi ya mgahawani ambacho klabu nyingi hukulazimisha kutumia hata usipokula, kabati la nguo, hifadhi ya fimbo, vigari au kedi (mbeba fimbo), ada za mashindano, kodi ya serikali juu ya hayo yote, na michango maalumu. Kisha gawanya kwa idadi ya raundi utakazocheza kweli.

Tuchukue mfano wa namba zisizo na sarafu ya nchi yoyote. Ada ya kujiunga isiyorudi ni 12,000, ada ya mwaka ni 4,000, mgahawa ni 600 kwa mwaka, kabati na hifadhi ni 200. Mgeni anayetembelea uwanja huo hulipa 100 kwa raundi. Ukikaa miaka sita na ukaitwa mara moja kuchangia 3,000 kwa ukarabati, mgawo wa kila mwaka ni 2,000 za kujiunga, 500 za mchango, na 4,800 za kawaida, jumla 7,300. Kwa hiyo inakupasa kucheza raundi 73 kwa mwaka ndipo ulingane na mgeni anayelipa kila anapokuja, na anayecheza kila wiki bila kukosa hata moja anafikisha 52 tu. Ukihamishwa kikazi baada ya miaka mitatu hesabu inapanda hadi 9,800 kwa mwaka, sawa na raundi 98. Na hapo tumeidhania ada ya mwaka haipandi. Ikipanda asilimia 6 kila mwaka, ile 4,000 itakuwa inakaribia 5,350 katika mwaka wa sita.

Sisemi kwamba hesabu hii imekataza ununuzi. Mwanachama hupata nafasi za asubuhi ya Jumamosi ambazo mgeni hazipati, hushiriki mashindano ya ndani, huwa na watu wa kucheza nao bila kupiga simu tano, na watoto wake hukua wakijua mchezo. Mambo hayo yana thamani na mtu ana haki ya kuyalipia. Ninachotaka ni kwamba ajue analipia kiasi gani, ili tofauti kati ya, tuseme, raundi 40 anazocheza na 73 zinazohitajika awe ameikubali akiwa macho. Idadi ya raundi usiikisie. Fungua kumbukumbu za mwaka uliopita uhesabu. Karibu kila anayekisia hukisia zaidi.

Nyaraka za kuomba na namna ya kuzisoma

Klabu inayotaka fedha zako kwa miaka kadhaa haipaswi kukunyima nyaraka nne: katiba au kanuni zake, taarifa za fedha zilizokaguliwa za miaka mitatu, kumbukumbu za mikutano mikuu ya wanachama ya kipindi hicho, na mpango wa ukarabati wa miaka ijayo. Klabu binafsi yenye mmiliki mmoja huenda ikakataa kutoa hesabu zake; hilo lenyewe ni taarifa, nawe una haki ya kupunguza kiasi unachokubali kukiweka rehani mikononi mwake.

Katika hesabu, swali la kwanza ni kama ada za mwaka zinatosha kuendesha klabu. Tazama mishahara, maji, mbolea, mafuta ya mashine na umeme kwa upande mmoja, na ada za kila mwaka pamoja na mapato ya wageni kwa upande mwingine. Ikiwa pengo linazibwa na ada za kujiunga za wanachama wapya, klabu hiyo inaishi kwa kutegemea wanachama wake wa kesho. Katika miaka ya orodha ndefu za kusubiri udhaifu huu hauonekani. Wapya wakipungua ndipo ada ya mwaka inaporuka au mchango maalumu unapoitishwa. Ada za kujiunga zinazopaswa kutunzwa kwa ajili ya ukarabati ziwe na mfuko wake, na mfuko huo uonekane katika mizania ukiwa na fedha ndani, si jina tu.

Swali la pili ni uchakavu. Uwanja wa gofu una maisha ya vipande vyake kama mtambo. Chama cha wasanifu wa viwanja vya gofu cha Marekani hukadiria kwamba grini, yaani eneo la nyasi fupi lenye shimo, hudumu miaka 15 hadi 30 kabla ya kujengwa upya, mfumo wa umwagiliaji miaka 10 hadi 30, na mchanga wa bunka, yaani vishimo vya mchanga vinavyowekwa kuwa vikwazo, miaka 5 hadi 7. Kwa hiyo muulize msimamizi wa uwanja mabomba yalifukiwa mwaka gani na grini zilijengwa upya lini. Swali hili hujibiwa kwa urahisi na mtu anayejua kazi yake, na mara nyingi yeye ni mkweli kuliko ofisi ya mauzo. Ukisikia mfumo wa umwagiliaji una miaka 28 na mfuko wa ukarabati hauna kitu, umeshajua mchango maalumu uko njiani. Kilichobaki ni kujadiliana kama utaulipa wewe au utajiunga baada ya kulipwa.

Katika kumbukumbu za mikutano tafuta ugomvi. Kura zilizopita kwa tofauti ndogo, wajumbe wa kamati waliojiuzulu pamoja, mjadala wa kuuza kipande cha ardhi au wa kukopa benki: vitu hivyo havimo kwenye kipeperushi. Uliza pia wanachama wangapi wameondoka kila mwaka na wastani wa umri wa waliobaki. Klabu ambayo nusu ya wanachama wake wamepita miaka 70 inaweza kuwa na afya leo na kuwa na viti vitupu baada ya muongo mmoja, na ada za waliotoka zitawaangukia waliobaki.

Orodha ya kusubiri nayo ihojiwe. Wapo wanaojiandikisha katika klabu kadhaa kwa wakati mmoja, na wapo waliojiandikisha wakati wa janga kisha wakaacha kucheza. Orodha ambayo mtu huingia bila kulipa chochote haina uzito sawa na ile inayodai amana kidogo. Uliza ni watu wangapi walipewa nafasi mwaka jana na wangapi kati yao waliichukua.

Ardhi ni ya nani, na mmiliki anaweza kubadilika

Hili hupitwa na wanunuzi wengi, nami nalihesabu la pili kwa uzito baada ya masharti ya kutoka. Uwanja wa mashimo 18 unahitaji makumi ya hekta, mara nyingi pembezoni mwa jiji linalokua, na ardhi ya namna hiyo haikosi anayeitamani. Kama klabu imepanga ardhi, muda uliobaki katika hati ndio ukomo wa thamani ya uanachama wako, hata kama karatasi inasema ni wa maisha.

Singapore imelionyesha jambo hili waziwazi. Serikali iliitwaa ardhi ya Jurong Country Club kwa ajili ya stesheni ya reli ya kasi ya kwenda Kuala Lumpur, na klabu ikaikabidhi mwaka 2016. Mkataba wa reli hiyo ukaja kuvunjika kabla mwaka 2021 haujaanza. Raffles Country Club ilifuata mwaka 2018. Keppel Club ilifikia mwisho wa hati yake mwishoni mwa 2021, na Marina Bay Golf Course ikafungwa katikati ya 2024. Hong Kong nayo, mwezi Septemba 2023, serikali ilichukua hekta 32 kati ya takribani 172 za uwanja wa Fanling. Mahali ambapo uanachama unauzwa katika soko huria, bei ya klabu yenye hati inayokaribia kwisha hushuka mwaka hadi mwaka, na anayeiona ikiwa nafuu kuliko jirani zake anapaswa kujua sababu kabla ya kufurahi. Inaweza kuwa ununuzi mzuri kwa anayetaka kucheza miaka mitano tu. Kwa anayemnunulia mwanawe si hivyo.

Pale klabu inapomilikiwa na mtu au kampuni, swali linakuwa: akiiuza, mkataba wangu unamfunga mnunuzi? Wentworth, klabu mashuhuri ya kusini mwa Uingereza, ilinunuliwa mwaka 2014 na kampuni ya Reignwood kutoka China. Mwaka uliofuata wanachama walitangaziwa kwamba kila anayetaka kubaki atanunua hati ya dhamana ya pauni 100,000, ada ya mwaka itapanda maradufu kufikia pauni 16,000, na idadi ya wanachama, iliyokuwa maelfu, itashushwa hadi 888. Watu waliokuwa wamecheza hapo miongo mingi walijikuta wanasoma kanuni za klabu yao kwa mara ya kwanza. Mvutano ulidumu miezi kadhaa na mpango ule ukalegezwa kwa wanachama wa zamani, lakini kilichowaokoa kilikuwa umoja wao na mawakili, kwa kuwa karatasi walizosaini hazikuwapa kinga waliyodhani wanayo. Tafuta kifungu kinachosema klabu inaweza kubadilisha kanuni wakati wowote kwa uamuzi wake pekee. Kikiwapo, uanachama wako ni wa mwaka mmoja mmoja hata ukiwa umelipa wa miaka ishirini, na bei unayokubali iendane na hilo.

Kuutembelea uwanja kwa macho ya mnunuzi

Hapa sitakaa sana, kwa sababu kila mchezaji anajua grini nzuri akiiona. Cheza angalau mara mbili kabla ya kulipa, moja ikiwa saa na siku ambayo wewe utakuwa unacheza kwa kawaida. Ukiwa mtu wa Jumamosi saa mbili asubuhi, ziara ya Jumanne mchana haikufundishi kitu. Omba kuonyeshwa mfumo wa kuhifadhi nafasi ukiwa na jina la mwanachama, uone Jumamosi nne zijazo zimebaki nafasi ngapi. Klabu zilizouza uanachama kwa wingi tangu 2020 zimejikuta na wanachama wengi kuliko nafasi, na hilo utaliona hapo kwenye skrini ndani ya dakika mbili, na pia uwanjani, ambako raundi iliyopaswa kuchukua muda wa saa nne inachukua muda wa saa tano na nusu. Nenda mara moja siku iliyofuata mvua kubwa: maji yaliyotuama kwenye bunka na kwenye njia za kati yanakuonyesha hali ya mitaro, na mitaro ni ghali.

Kujadiliana soko likiwa juu na likiwa chini

Soko likiwa juu, ofisi ya mauzo haitapunguza ada ya kujiunga, na kuishinikiza ni kupoteza muda. Kinachoweza kujadiliwa ni mpangilio: kulipa kwa awamu bila riba, kuanza kama mwanachama wa siku za kazi kisha kupanda ngazi kwa bei ya leo, kusamehewa michango maalumu iliyoidhinishwa kabla hujaingia, na kusimamisha uanachama kwa ada ndogo ukiugua au ukihamishwa. Mambo hayo hayaonekani kwenye orodha ya bei, kwa hiyo klabu huyatoa bila kuona kwamba imeshusha hadhi yake. Yaandikwe. Ahadi ya mdomo ya ofisa wa mauzo huondoka naye siku anapohamia klabu nyingine.

Soko likiwa chini, mnunuzi ana nguvu lakini anakabiliwa na hatari kubwa zaidi, nayo ni kununua kwa bei rahisi katika klabu inayozama. Punguzo la ada ya kujiunga halina maana kama mwaka unaofuata wanachama waliobaki watagawana deni la benki. Wakati huo omba kipindi cha majaribio cha mwaka mmoja ambacho ada yake itahesabiwa ndani ya ada ya kujiunga ukiamua kubaki. Omba pia ukomo wa maandishi wa michango maalumu kwa miaka yako ya kwanza. Kama klabu ni ya hisa na ina deni, gawanya deni lote kwa idadi ya wanachama wenye hisa. Namba utakayoipata ni sehemu ya bei hata kama hakuna aliyekutajia.

Kwa anayenunua kutoka kwa mwanachama mwingine, iwe moja kwa moja au kupitia dalali, utaratibu una hatua zake. Thibitisha na ofisi ya klabu, kwa maandishi, kwamba muuzaji ndiye mwenye uanachama huo, kwamba hadaiwi, kwamba aina hiyo inahamishika, na ada ya uhamisho ni kiasi gani, kwa maana katika klabu nyingine ada hiyo ni kubwa kiasi cha kumeza unafuu wote. Kamati bado ina haki ya kukukataa. Kwa hiyo fedha zikae kwa wakili au mtu wa tatu mnayemwamini wote hadi barua ya kukubaliwa itoke, na mkataba wa mauziano useme wazi zitarudi kwako zote kamati ikikataa. Dalali anayekuhimiza umlipe muuzaji kwanza "ili asije akabadili mawazo" anatafuta kamisheni yake.

Anayepaswa kusubiri

Mchezaji wa chini ya mwaka mmoja asinunue bado. Hamu ya miezi ya mwanzo ni kubwa, na haionyeshi mtu atacheza kiasi gani mwaka wa tatu. Vivyo hivyo kwa anayetarajia kuhama, kubadili kazi au kupata mtoto ndani ya miaka miwili. Zamani watu walijiunga na klabu kwa ajili ya handikapu pekee, yaani namba inayopima kiwango cha mchezaji, lakini sababu hiyo imepungua nguvu: tangu mfumo mmoja wa handikapu wa dunia uanze mwaka 2020, nchi kadhaa zimefungua njia kwa mchezaji asiye na klabu kuwa na handikapu inayotambulika, kama England ilivyofanya mwaka 2021. Angalia shirikisho la gofu la nchi yako linaruhusu nini kabla ya kulipa ada ya kujiunga kwa ajili ya namba.

Kama mwajiri ndiye anayelipa, uliza mambo mawili: uanachama una jina la nani siku ukiacha kazi, na mamlaka ya kodi inautazamaje. Marekani, kwa mfano, ilifuta tangu 1994 ruhusa ya biashara kuondoa ada za klabu kama hizi katika mapato yanayotozwa kodi, na kwingine uanachama huo huhesabiwa kuwa sehemu ya mshahara wa anayeutumia.

Siku ya kusaini

Omba mkataba pamoja na kanuni zinazotajwa ndani yake siku kadhaa kabla, kwa kuwa mkataba wa kurasa tatu mara nyingi unarejelea kanuni za kurasa hamsini ambazo hukupewa. Andika pembeni tarehe ambayo taarifa ya kujiuzulu inapaswa kuwa imefika ili usidaiwe mwaka mwingine. Klabu nyingi hudai miezi mitatu kabla ya mwaka wa fedha kuisha, na anayeikosa kwa siku moja hulipa miezi kumi na miwili. Hakiki kama mwenzi wako anaweza kuurithi uanachama ukifariki, na kama wenzi wakitalikiana nani anabaki nao. Kila ulichoahidiwa katika mazungumzo kiwe kwenye barua yenye sahihi ya mtu mwenye mamlaka ya kuifunga klabu, ambaye kwa kawaida ni katibu au meneja mkuu, si ofisa wa mauzo. Hifadhi nakala ya kanuni kama zilivyokuwa siku hiyo, yenye tarehe, kwa sababu toleo lililo ofisini litabadilika na hakuna atakayekutunzia la zamani.